Mvi za kijana si uchawi wala si ukimwi: waache kuwauzia wahamaji hofu

Kijana wa miaka 23 akionekana na mvi katika mitaa ya Goma, Bukavu au Uvira, hukumu zinamwangukia kabla hajafungua kinywa. Wa kwanza anamwita "Muzee" na kumcheka mbele ya watu. Wa pili ananong'ona kwamba ana ukimwi. Wa tatu anasema amerithishwa uchawi na koko wake. Kisha anakuja mwenye chupa, muuzaji wa dawa za kutembeza, akiapa kwenye kipaza sauti kwamba vijiko viwili kwa siku vitarudisha nywele nyeusi kama za mtoto. Kati ya hao wanne hakuna hata mmoja anayeuliza swali la maana kuliko yote: baba yako na mama yako walianza mvi wakiwa na miaka mingapi?

Swali hilo lingemaliza sehemu kubwa ya kelele. Mvi za mapema, kwa vijana walio wengi, ni mambo ya ukoo. Mtoto anarithi pua ya baba na mwendo wa mama, na vilevile anarithi saa ambayo nywele zake zitaanza kupoteza rangi. Mwaka 2016 watafiti waliochunguza watu zaidi ya 6,000 wa Amerika ya Kilatini walitangaza kipande cha urithi cha kwanza kujulikana kuwa kinahusiana na mvi, kinachoitwa IRF4. Lakini hata kabla ya maabara, wazee wa vijijini walijua jambo hilo. Kila kijiji kilikuwa na ukoo wake ambao vijana wake waliota mvi kabla ya kuoa, na hakuna aliyeshtuka.

Hapo ndipo shida ya wahamaji wa vita inapoanza. Kule kijijini jirani angesema, "Mwacheni, hata baba yake alikuwa hivyo." Mjini, katika familia iliyompokea au katika nyumba ya kupanga ambamo kila mlango ni wa watu wa kijiji kingine, hakuna anayemjua baba yake. Baba mwenyewe pengine alibaki njiani, au yuko upande mwingine wa mstari wa vita. Mwaka 2024 wakimbizi wa ndani katika Kongo walikuwa wamepita milioni 7. Mwanzoni mwa 2025 kambi zilizozunguka Goma zilibomolewa na watu wakatawanyika tena, wengine kwenye vijiji vilivyoungua, wengine kwa jamaa, wengine kwa watu wasiowajua. Mtu aliyepoteza majirani zake amepoteza pia mashahidi wake. Alama ya mwili ambayo kwao ilikuwa ya kawaida inageuka kuwa kitu cha kushukiwa.

Na katika majimbo haya kushukiwa si mchezo. Mwezi wa Septemba 2021, katika Kivu Kusini, wanawake 8 waliuawa ndani ya mwezi mmoja kwa kushutumiwa uchawi, baadhi yao wakichomwa moto. Ushahidi katika mambo kama hayo haupatikani kwa kuchunguza. Nywele nyeupe, macho mekundu, ujane, mtoto wa jirani aliyekufa kwa malaria: yote hugeuzwa kuwa ushahidi pale ambapo nabii wa chumba cha maombi ameshatamka jina. Leo anayeitwa mchawi kwa sababu ya mvi ni mama wa miaka 65. Kesho atakuwa msichana wa miaka 19 anayelala sebuleni kwa watu, na ambaye akifukuzwa usiku hana mahali pa kwenda.

Sheria ya nchi iko wazi zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Katiba ya 2006, katika ibara ya 41, inakataza kumshutumu mtoto uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka kifungo cha mwaka 1 hadi 3 kwa anayefanya hivyo, na mtoto kwa sheria hiyo ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Kwa mtu mzima, sheria ya makosa ya jinai inaadhibu kumsingizia mtu mbele ya watu jambo la kuvunja heshima yake. Mchungaji anayesimama madhabahuni na kusema mvi za binti fulani ni "alama ya usiku" anatenda kosa mbele ya mashahidi mia. Mkuu wa nyumba kumi anayesikia na kunyamaza hawezi baadaye kusema hakujua.

Sasa, mvi ni nini? Kila unywele unatoka katika kijishimo kidogo kwenye ngozi ya kichwa. Chini ya kijishimo hicho kuna chembe zinazotengeneza rangi, melanini, na kuuchovya unywele unapokua. Chembe hizo zina akiba yake. Akiba ikiisha au ikiharibika, unywele unaofuata unatoka bila rangi. Hakuna zaidi ya hapo. Unywele uliokwisha kutoka nje ya ngozi hauna uhai, kama ukucha ulivyo. Hauwezi kubadilika rangi kwa usiku mmoja, hata kwa laana. Nywele za kichwa hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo mvi inayoonekana leo ilianza chini ya ngozi muda uliopita. Wanaosimulia kwamba fulani alilala na nywele nyeusi akaamka mweupe wanasahau kwamba kuna ugonjwa unaoangusha nywele nyeusi kwa haraka na kuacha nyeupe zilizokuwepo tangu zamani. Anayeonekana amegeuka ndani ya siku chache amepoteza nywele, na dawa yake iko kwa muganga wa ngozi.

Vilevile, kung'oa mvi moja hakuzai kumi. Kila kijishimo kinajitegemea. Kung'ong'oa kila siku kunaweza tu kukiumiza kijishimo hadi kisitoe unywele tena.

Waganga wana kipimo chao cha kusema mvi ni za mapema. Kwa Mzungu ni kabla ya miaka 20, kwa mtu wa Asia kabla ya 25, kwa Mwafrika kabla ya 30. Sababu ya tofauti hiyo ni kwamba Waafrika kwa kawaida huchelewa: mvi zao huanza wakikaribia miaka 45, wakati Wazungu wengi huanza katikati ya miaka ya thelathini. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2012, uliohusu watu zaidi ya 4,000 wa mabara mbalimbali, ulionyesha kwamba kati ya watu wa miaka 45 hadi 65, watu 74 kwa kila 100 walikuwa na mvi. Lakini wenye nusu ya kichwa nyeupe wakifika miaka 50 walikuwa kati ya 6 na 23 tu kwa kila 100. Hapo ndipo mwanadamu anapojifunza: hata kati ya watu wa umri mmoja, kila mmoja ana saa yake. Na kwa kuwa Mwafrika huchelewa, yule mmoja anayewahi anaonekana kama taa gizani. Kuonekana sana hakumaanishi kuugua.

Wapo ambao mvi zao zina sababu nyingine, na sababu hiyo inatibika. Hao ndio wanaoumia zaidi kwa kelele za uchawi na za chupa, maana wakati wa kupelekwa kwenye kituo cha afya wanapelekwa kwenye maombi ya siku tatu bila kula.

Sababu ya kwanza ni upungufu wa vitamini B12. Vitamini hii iko katika nyama, maini, samaki, mayai na maziwa. Bugali haina, maharagi hayana, sombe haina. Familia iliyotoka Masisi ilitoka kwenye nchi ya malisho, ambako hata maskini alipata kikombe cha maziwa, na fromaji ya huko inajulikana hadi Kinshasa. Ng'ombe wakaibwa au wakaachwa. Chakula kikawa unga wa mahindi, maharagi, mafuta na chumvi, na mara nyingine si vyote. Mwili huweka akiba ya B12 kwenye ini kwa miaka kadhaa, kwa hiyo upungufu hauji wiki ya kwanza ya kukimbia. Unakuja pole pole kwa yule ambaye amekuwa mhamaji kwa miaka mingi. Wengine wanaupata hata wakila vizuri, kwa sababu tumbo lao limeshindwa kuichukua vitamini hiyo. Mvi peke yake haitoshi kuutambua. Dalili za kutazama ni uchovu usioisha, ganzi au kuchomwachomwa kwenye miguu na vidole, ulimi mwekundu unaouma, kupauka na kusahausahau. Kijana mwenye mvi pamoja na dalili hizo apelekwe kwa muganga. Upungufu huo unatibiwa kwa sindano au vidonge, na ukiachwa unaweza kuharibu mishipa ya fahamu kabisa.

Sababu ya pili ni ugonjwa wa tezi ya shingo. Kivu inaufahamu. Kisiwa cha Idjwi kilichunguzwa na wanasayansi tangu miaka ya 1960 kwa sababu ya rovu, ule uvimbe wa shingo. Waliona kwamba upungufu wa iodi ndio mzizi, na kwamba muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vizuri unazidisha shida, kwa sababu sumu yake inazuia tezi kutumia iodi kidogo iliyopo. Tezi ikilegea, mtu anasikia baridi kupita wengine, ananenepa bila kula sana, sauti inakuwa nzito, ngozi inakauka, nywele zinakatika na wakati mwingine zinapoteza rangi mapema. Chumvi yenye iodi na muhogo uliolowekwa siku za kutosha vina faida kuliko chupa zote za sokoni.

Sababu ya tatu ni sigara. Uchunguzi uliofanywa Jordan na kutangazwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wavutaji walikuwa na uwezekano mara 2 na nusu zaidi wa kupata mvi kabla ya miaka 30. Kijana anayetumia pesa ya dawa ya mvi huku pakiti iko mfukoni anajidanganya mara mbili.

Kuna pia magonjwa ya ngozi yanayoacha sehemu moja ya kichwa nyeupe, na wapo wanaozaliwa na shungi moja jeupe mbele ya kichwa. Hayo yanajulikana hospitalini kwa majina yake, na hayaambukizi.

Kwa habari ya ukimwi, jibu ni fupi. Ukimwi unapimwa kwa damu. Haupimwi kwa macho ya jirani wala kwa rangi ya nywele. Anayetaka kujua hali yake aende apimwe kwa siri, na anayetaka kujua hali ya mwenzake anyamaze.

Lakini kuna rangi moja ya nywele ambayo kila mzazi anapaswa kuiogopa, na ambayo kelele za mvi zinaifunika. Ni pale nywele za mtoto mdogo zinapokuwa nyepesi, laini na za rangi nyekundu-nyekundu au kahawia, miguu ikavimba na uso ukajaa. Huo ni bwaki. Kivu inaujua ugonjwa huo kiasi kwamba Bukavu kulianzishwa komite nzima ya kupambana nao katika miaka ya 1960. Bwaki unaua, na unaua haraka. Mtoto wa namna hiyo hapaswi kungoja Jumapili. Apelekwe siku hiyohiyo kwenye kituo cha lishe. Ni aibu kubwa kuona mtaa unaojadili mvi za msichana wa miaka 20 kwa wiki nzima huku mtoto wa nyumba ya pili ana nywele nyekundu na miguu iliyovimba, na hakuna aliyemwita hata mhamasishaji wa afya.

Linabaki neno ambalo wahamaji wenyewe wanalisema: "Vita ndiyo imetuzeesha." Neno hilo lina ukweli ndani yake. Mwaka 2020 watafiti wa chuo kikuu cha Harvard walionyesha kwamba panya waliotiwa hofu na maumivu walipoteza akiba ya chembe za rangi, kwa sababu mishipa ya fahamu inayoamsha mwili kukimbia hatari ilizimaliza. Mwaka 2021 watafiti wa Columbia, pale New York, walichunguza nywele za watu 14 na kuona kwamba mvi chache zilifuatana na vipindi vya mawazo mazito. Mmoja wao alipokwenda likizo, nywele 5 zilirudisha rangi yake. Walisema pia kwamba jambo hilo haliwezi kumrudishia rangi mzee aliyeota mvi miaka mingi.

Mhamaji hana likizo. Anayelala akisikiliza risasi na kuamka akitafuta maji anaishi katika ile hofu ya panya wa maabara, mwezi baada ya mwezi. Hakuna wa kumkatalia kusema kwamba mwili wake umelipa. Hata hivyo, wapo wanaoutumia ukweli huo vibaya. Muuguzi aliyechoka anasema "ni vita tu" na hamwulizi mgonjwa kuhusu ganzi ya miguu. Kiongozi anasema "ni vita tu" ili asiulizwe mgao wa chakula ulienda wapi. Na muuzaji wa chupa anasema "ni mawazo tu," kisha anauza maji yenye rangi kwa mama ambaye mawazo yake ni kwamba hana pesa. Kama vita inachangia, dawa yake ni usalama, usingizi na chakula. Havimo ndani ya chupa.

Ukweli kuhusu chupa ni huu: hakuna dawa iliyothibitishwa inayorudisha rangi ya nywele kwa mtu aliyerithi mvi. Mwenye upungufu wa B12 au ugonjwa wa tezi anaweza, akitibiwa, kuona baadhi ya nywele zikirudi. Hiyo ni kwa sababu ugonjwa umetibiwa. Watetezi wa wauzaji watasema dawa za asili zina thamani yake. Zina thamani, na hakuna anayezipiga vita hapa. Mganga wa asili mwenye heshima anajua anachotibu, na haahidi kila mtu kila kitu. Anayetembea na chupa moja inayotibu mvi, minyoo, nguvu za kiume na bahati mbaya aulizwe swali jepesi: mbona kichwa chake mwenyewe kimefunikwa kofia?

Rangi ya kupaka ni jambo jingine. Anayetaka kuficha mvi zake ana haki ya kufanya hivyo. Ajue tu kwamba rangi nyingi nyeusi, pamoja na ile inayoitwa hina nyeusi, zina kemikali ya PPD, ambayo inawavimbisha watu wengine kichwa, macho na uso. Kabla ya kupaka kichwa kizima, apake tone nyuma ya sikio na kungoja saa 48. Hina safi inatoa rangi ya kahawia nyekundu, haitoi nyeusi tii. Na pakiti iwekwe mbali na watoto, maana kemikali hiyo ikimezwa ni sumu: koo linavimba na figo zinashindwa.

Wengine watauliza kama huu ni wakati wa kuzungumzia nywele, huku watu wanakufa. Swali hilo waulizwe wanaofukuza vijana nyumbani kwa sababu ya nywele, na wanaochukua pesa ya unga kwa ajili ya nywele. Redio za mitaa zinazopokea malipo ili kutangaza dawa za mvi ziulizwe pia, kwa sababu mhamaji aliyepoteza kila kitu bado ana redio ndogo, na anachosikia humo anakiamini. Redio inayotangaza chupa asubuhi haiwezi jioni kuita kipindi chake "afya kwa wote."

Kazi ya kila mmoja haihitaji bajeti. Mchungaji akatae kutaja nywele za mtu madhabahuni. Mkuu wa nyumba kumi amwite mbele ya wote anayetamka neno "mchawi," amkumbushe sheria. Familia inayompokea kijana wa watu impe nafasi ya kueleza ukoo wake, na imwamini. Mama mwenye pesa ya chupa anunue sambaza za Ziwa Kivu, au ndagala kule Uvira, au mayai mawili, awagawie watoto. Muuguzi aulize maswali manne: wazazi walianza lini, unakula nini, unasikia ganzi au uchovu, unavuta sigara? Majibu yakionyesha ugonjwa, atibu au aelekeze hospitali. Yakionyesha ukoo, amwambie kijana kwamba ni mzima na arudi kazini.

Na kijana mwenyewe, aliye na mvi zake tatu au thelathini, hana wa kumwomba radhi. Akiitwa "Muzee" njiani, anaweza kuitikia na kuendelea na safari yake.